Ludivina Hakung'oka na Nyumba

"Ukilipiga dirisha hilo, nipige na mimi!"

Ludivina alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, vumbi la chokaa limemjaa kwenye mvi zake. Vijana watatu wenye nyundo kubwa wakabaki wameduwaa. Nyuma yao alikuwa mwanawe Ramil, aliyewakodi baada ya kufika mji wa Silay asubuhi hiyo kutoka Manila.

"Mama, nyumba imeliwa na mchwa. Wewe mwenyewe ulikubali ibomolewe."

"Nilikubali ifunguliwe, sikukubali ipondwe. Kazi hiyo nimempa Abel."

"Abel, Abel! Anang'oa msumari mmoja mmoja kama anayetoa mwiba mguuni! Mji mzima unajua kinachomchelewesha hapa."

Abelardo, mjane mwenzake Ludivina na fundi wa kufungua nyumba za kale kipande kwa kipande, akashuka ngazi na ubao wa nara, ule mti mgumu, begani. Akaulaza chini taratibu.

"Mwanangu, kama tatizo ni mimi, naondoka. Ila hayo madirisha yenye magamba ya chaza badala ya vioo msiyaguse kwa nyundo. Yanatoka mazima."

Akakusanya patasi zake, akatoka.

Ludivina alimsindikiza kwa macho. Tangu afiwe na mumewe, kila mtu alikuwa akimwamulia mambo yake. Abel pekee ndiye aliyemuuliza kabla ya kugusa kitu: "Hiki unataka kiende wapi, Vina?" Naye alishangaa kuona kwamba kila mara alikuwa na jibu.

Simu ikalia. Ujumbe:

"Usigombane na mwanao kwa sababu yangu. Nilitaka kukuomba nikuoe. Basi, yaishe. Abel."

Ludivina alisoma mara mbili, kisha akapiga.

"Uko wapi?"

"Getini."

"Rudi! Mtu mzima haposi kwa meseji. Njoo uposee humu ndani, nikusikie!"

Vijana wa nyundo wakaangua kicheko. Ramil akajishika kichwa.

"Mama, watu watasemaje?"

"Watasema Ludivina kaolewa. Kuna uongo hapo?"

"Na Manila je? Tulishakuandalia chumba. Wanangu atawalea nani?"

"Wazazi wao."

Abel alikuwa ameshasimama mlangoni, kofia mkononi, uso umemwiva.

"Vina, utakubali nikuoe?"

"Mbona umechelewa hivyo?"

Machozi yakamtoka huku anacheka. Ramil alimtazama mama yake. Hakukumbuka lini alimwona akicheka hivyo. Akawaruhusu vijana waondoke, akakunja mikono ya shati.

"Mzee, hili dirisha nishike upande gani?"

"Chini. Na usivute, lisubiri lije lenyewe."

Kwa mbao za nara na madirisha yale wakajenga nyumba yao ndogo nje ya mji. Siku ya harusi nguruwe alichomwa mzima, na waliokuwa wakinong'ona ndio waliowahi viti vya mbele. Ramil alimshika mama yake mkono hadi altareni.

"Ludivina," padri akaanza, "je, unakubali kumpokea Abelardo—"

"Nakubali, Padri! Endelea tu."

Kanisa zima likalipuka kwa vifijo.