Jina Chini ya Mpini

Shemeji yangu Mutinda alikuwa mtu wa kupima mara mbili hata majani ya chai. Ukimpelekea kisu chenye mpini uliolegea, hakukuambia urudi kesho kama mafundi wengine wa Kitengela. Alikukalisha kwenye stuli akakueleza habari za mipini mpaka ujute kuja. Mke wake, Mbeke, ni dada yangu mkubwa, kwa hivyo hotuba hiyo nimeisikia kuliko mahubiri ya kanisani.

Alisema hivi. Kisu cha machinjioni ni chuma kimoja kutoka ncha hadi mkia, na mkia huo huvalishwa vibao viwili vya mti, kimoja kila upande. Mafundi wengi huvigongelea misumari, na vikishaingia havitoki tena. Damu hupenya chini ya vibao, hukaa humo, hunuka. Yeye alitoboa mkia akapitisha skrubu fupi zenye nati, ili jioni mtu afungue vibao, avioshe, avikaushe, avirudishe. Tena vibao vyake vilitoka kwenye kipande kimoja cha mti ambao Wamaasai huuita oloirien. Alikipasua katikati ili kulia na kushoto wawe ndugu, na wachinjaji wa Kitengela na Kajiado wakavipenda.

Kisu cha kwanza cha namna hiyo alimpa mwanawe Kimeu, aliyekuwa akichuna ngozi kwenye machinjio moja ya Kajiado. Kimeu alikitumia mpaka vibao vikabonyea mahali pa kidole gumba. Asubuhi moja mwaka wa 2001, siku ya kawaida kabisa, alianguka akiwa kazini. Moyo ulisimama tu, na hata daktari hakuwa na la zaidi la kutuambia. Kisu na nguo zake vililetwa na Parmuat, rafiki yake Mmaasai aliyefanya kazi naye bega kwa bega. Ndiye aliyetuambia kwamba ng'ombe alibaki akining'inia, ngozi imetoka upande mmoja.

Mutinda hakulia mazishini. Watu wakamsifu kwa kujikaza. Mimi sikumsifu, maana machozi usiyoyatoa hayaendi mbali.

Wakati huo binti yao Celine alikuwa na bucha mjini Kajiado, nami nilimpikia supu pale nyuma. Haukupita muda baba yake akamletea kisu kipya, bapa linang'aa, lakini vibao vilikuwa vya Kimeu. Alikuwa amevifungua kwenye kisu cha zamani. Kabla ya kuvikaza alituonyesha ndani. Kibao kimoja kilikuwa kitupu. Kingine alikuwa amekichoma jina kwa msumari wa moto: KIMEU.

"Huu ni mkono wa ndugu yako," alimwambia Celine. "Ukiushika, na yeye amekushika."

Celine akalia. Hata mimi, na mdomo wangu huu, nikaona baba amefanya jambo jema.

Mwanzoni ilikuwa heri. Celine, ambaye zamani alikata nyama kama anayepasua kuni, sasa alitenganisha mfupa na nyama bila kutazama. Wateja wakasema mkono wa kaka umemrudia dada. Yeye mwenyewe alitabasamu, na baada ya msiba ule tabasamu lolote tulilipokea.

Kisha nikaanza kuona vitu. Kiganja chake cha kulia kiliota sugu nene kwa muda mfupi mno, sugu la mtu aliyechuna ngozi miaka mingi. Kidole gumba kikapanuka. Tukila pamoja, alitumia kushoto, kwa sababu kulia kulikuwa baridi, akasema, na hakusikii moto wala chumvi. Jioni alipotaka kuweka kisu chini, ilibidi nimsaidie kufungua vidole kimoja kimoja.

"Pumzika, Celine. Hii kazi itakumaliza."

"Siwezi, Anti. Kuna upande haujaisha."

Nikamuuliza upande gani. Akanitazama kama mimi ndiye niliyesema. Hapakuwa na nyama mezani.

Mchana mmoja, jua limewaka na mji umelala, nilimsikia akizungumza peke yake dukani. Alizungumza chini chini, kwa Kikamba, kwa upole. Nikasogea mlangoni na kijiko mkononi.

"Unaongea na nani?"

"Na Kimeu," akasema, bila kugeuka. "Anasema mkono wangu ni mdogo. Anasema hauenei."

Kijiko kilinitoka. Alipogeuka, nikaona midomo yake imekuwa ya buluu. Nikaweka sikio kifuani pake. Moyo ulipiga. Ukanyamaza. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe. Ukapiga tena.

Parmuat alikuja kunywa supu siku hiyohiyo. Nilimwekea bakuli lakini hakuligusa. Alikuwa amekaza macho kwa Celine kupitia mlangoni.

"Hii kisu iko na nani?" akaninong'oneza.

"Si iko na Celine. Humwoni?"

"Naona. Nauliza nani mwingine."

Hapo nikamweleza yote, vibao na jina lililochomwa kwa ndani. Parmuat akafunika uso kwa viganja. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu msiba hakuwahi kutamka jina la rafiki yake. Hata dada yangu, ambaye sisi sote tulimwita Mama Kimeu, yeye alimwita Mama Celine, na mimi nilikuwa nimemwona ana kiburi.

"Kwetu mtu akienda, jina tunaiacha ipumzike," akasema. "Hata sisi watu wa kanisa, hiyo bado tunashika. Sasa mzee ameandika jina yake hapo, na huyu msichana anaifinya kutoka asubuhi mpaka jioni. Atakosa kuja aje, na ameitwa? Yeye si mbaya, Mama. Anasikia tu watu wa nyumbani wanamtaka."

Nikapiga simu Kitengela. Kesho yake Mutinda na Mbeke walifika, Mutinda na mfuko wake wa vifaa. Tulifunga mlango wa bucha, Parmuat akiwa nasi ndani. Celine tulimkalisha kwenye kreti, kisu kimo mkononi, maana siku hiyo vidole vilikuwa vimekataa kabisa kufunguka.

Mutinda alitoa bisibisi. Akaishika tu.

"Nikifungua," akasema polepole, "atakuwa amekufa."

Mbeke akapiga magoti mbele yake. "Baba Celine," akamwita. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akimwita hivyo. "Huyu bado anapumua. Fungua."

Mutinda alipenyeza bisibisi kati ya vidole vya binti yake. Skrubu zilikuwa zimekazwa kuliko alivyozikaza yeye. Fundi anajua mkono wake. Jasho likamtiririka. Moja ikalia, ikalegea. Nyingine ikafuata. Akavuta kibao cha kwanza, kile chenye jina, kikateleza nje ya kiganja. Kilikuwa kimelowa kwa ndani. Nilikinusa. Jasho la mwanamume.

Akavuta cha pili. Kile kitupu.

Hakikuwa kitupu. Mtu alikuwa amekikwaruza kwa ndani, kwa herufi za kulalia upande ambazo sisi wa nyumbani tulizijua tangu Kimeu akiwa shuleni: CELIN.

Ilibaki herufi moja.

Mutinda akanyakua msasa akaanza kuisugua ile CELIN. Alisugua kwa nguvu zake zote. Unga wa mti ulianguka, kibao kikawa chembamba, herufi zikabaki palepale. Nyuma yetu Celine alitoa sauti ndogo. Kichwa kikamwangukia begani. Nikaweka sikio kifuani. Kimya.

"Si hiyo," Parmuat akanong'ona. "Mzee, si hiyo. Ile umeandika wewe."

Nimeona mengi duniani, lakini sijaona kitu cha kuniumiza moyo kama mzee yule akikichukua kibao cha mwanawe. Aliweka msasa juu ya herufi ya kwanza. Mkono ukakataa. Akamtazama Celine. Akaanza.

Hapo ndipo alipolia. Machozi yote ya mazishini yalishuka siku hiyo juu ya mti ule, na aliendelea kusugua machozi na unga pamoja. Kila herufi ilipofutika, kidole kimoja cha Celine kilifunguka. Hakuharakisha. Kwenye ile ya mwisho alisimama, akasema kitu kwa Kikamba ambacho Mbeke tu alikisikia. Kisha akaifuta.

Bapa likaanguka sakafuni. Celine akavuta pumzi ndefu, akaanza kutetemeka kwa baridi, akaomba maji. Kibao kingine nilipokitazama kilikuwa laini. Hakikuwa na herufi yoyote.

Vibao tulivizika kaburini kwa Kimeu. Celine alipona. Sugu lilibambuka, mkono ukarudi kuwa wake, na hadi leo anakata nyama vibaya na wateja wanalalamika. Dada yangu sasa ni Mama Celine kwa kila mtu, nami hapa nimelitaja lile jina kwa sababu tu usingenielewa bila hilo.

Ila Mutinda hakurudi sawa. Tangu siku ile ngumi yake ya kulia ilikaa imefumbwa. Alisalimia watu kwa kushoto. Daktari alisema ni mishipa, nasi tukamwamini, maana alifanya kazi kwa mkono mmoja na hakulalamika. Nyakati nyingine nilimkuta amekaa kibandani, ngumi ameiweka sikioni, ametulia kabisa. Nilidhani ni uchovu.

Mwaka wa 2006 walimkuta kwenye stuli yake asubuhi, moyo umesimama. Mimi na dada yangu ndio tuliopeleka nguo chumba cha maiti. Mhudumu alituambia kuna jambo anataka tulione kabla hajamvisha. Ile ngumi, iliyokuwa imewashinda madaktari, ilikuwa imelegea yenyewe.

Ndani ya kiganja mlikuwa na jina la mwanawe, limeinuka kwenye ngozi kama kovu la zamani. Lile alilolifuta kwenye mti hakulitupa. Alilibeba. Na chini yake palikuwa na neno jingine, bichi, la herufi zile za kulalia upande. Hili lilikuwa limekamilika.

BABA.

Mhudumu aliuliza kama tunajua ni nani aliyemwandika. Dada yangu aliukunja mkono wa mumewe kidole kimoja kimoja mpaka ukafumbika, akaushikilia mpaka ukakaa, na tukamzika hivyo.