Kifurushi cha Maharamia

Enyi majirani zangu, na nyinyi msiotujua huku milimani, nipeni masikio yenu kidogo. Nataka kuwaeleza yaliyoikuta nyumba ya akina Sieglitz, ile iliyo juu kabisa ya mtaa wetu, yenye ngazi za mawe kutoka geti hadi mlangoni. Nawaeleza kwa sababu wengi wetu tulikuwa tunaona, na tukanyamaza.

Jumapili moja ya Oktoba nyumba hiyo ilikuwa na raha tele. Mama Irmgard, mwenye nyumba, alikuwa ametoka hospitali na nyonga mpya ya chuma baada ya kuanguka bafuni wakati wa kiangazi. Aliteremka kutoka orofa yake kwa mkongojo, pole pole, mjukuu wake Jule akitangulia na sinia la keki ya plamu, wakaingia jikoni kwa Maren, mkwewe.

"Mama, daktari alisemaje juu ya ngazi?" Maren aliuliza huku akimvutia kiti.

"Alisema nitembee. Halafu akasema nisianguke tena. Kana kwamba mimi huanguka kwa kupenda!"

Wakacheka wote. Lakini Maren hakucheka sana. Daktari alimweleza yeye kando, ukumbini, kwamba mama akianguka mara ya pili hatasimama tena. Tangu siku ile Maren alikuwa na ombi moja tu moyoni, asubuhi na jioni: mama asianguke.

Mara ukatoka ukelele chumba cha pili. "Wametangaza! Wametoa tarehe!"

Alikuwa Volkmar, mume wa Maren na mtoto pekee wa Irmgard. Alikuja mbio, spika za masikioni zikining'inia shingoni, akambusu mama yake kichwani, akakwapua kipande cha keki. "Maharamia wanarudi, Mama!"

"Wale wale?" mama akauliza, uso umemchanua.

"Wale wale, ila sasa bahari yao inameremeta!" Akarudi chumbani, akafunga mlango.

Maharamia hao walikuwa wa mchezo wa kompyuta, tena wa zamani. Irmgard ndiye aliyemnunulia Volkmar, Krismasi ya kwanza baada ya mumewe kufariki, pamoja na kompyuta nzito iliyojaza meza nzima. Ndani yake mtu alikuwa nahodha wa maharamia katika visiwa vya Karibi, na hakuna aliyemwambia afanye nini. Aliweza kuteka meli, kufukua hazina, kucheza dansi na binti wa gavana, au kuwasaka ndugu zake waliopotea, na safari haikuisha mpaka mwenyewe achoke. Volkmar alikuwa mvulana aliyeacha kuzungumza tangu mazishi. Kwa mchezo ule akaanza tena kusema. Alichora ramani kwenye meza ya jikoni, mama yake akifuma soksi na kumwuliza, "Leo umempata nani?"

"Nimempata dada."

"Na baba?"

"Bado."

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Mchezo ule ulimfaa yule mtoto, na mama yake alifanya vyema kumnunulia. Shida ilikuja mtoto alipoota ndevu, akaoa, akazaa, na kampuni fulani ikatangaza kwamba mchezo ule utaundwa upya. Kuanzia hapo Volkmar akawa mtu wa kungoja.

Tarehe ilitangazwa, ikasogezwa. Ikatangazwa nyingine, nayo ikasogezwa. Kila mara Volkmar alikuwa ameshaomba likizo kule kwenye ghala la mbao ili mchezo umkute nyumbani, na kila mara likizo ilikwisha bure, Maren na Jule wakakosa safari ya kwenda kuona bahari ya kweli. Jioni zake zote zilikuwa za baraza la mtandaoni, ambako wanaume wazima waligombana kama upepo wa mchezo mpya utavuma kama ule wa zamani. Huko walimwita Admirali. Hapa nyumbani Admirali alishindwa hata kubadilisha balbu ya choo.

Shuleni mwalimu aliwauliza watoto baba zao wanafanya kazi gani. Jule akasimama akajibu, "Baba yangu anasubiri." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alipomsimulia Maren, naye alicheka, kisha akaenda kulia ndani ya gari.

Aliwahi kumlalamikia mama mkwe. Irmgard alimshika mkono akamwambia, "Mwache, mwanangu. Ukimwona anafurahi, mimi namwona yule mtoto wangu aliyeanza tena kusema." Ungemjibu nini mama kama huyo?

Basi ikaja theluji. Huku kwetu kila nyumba ya pamoja ina kibao cha zamu. Kinatundikwa mlangoni kwa mwenye wiki yake, na huyo, kabla watu hawajatoka kwenda kazini, awe ameshafagia ngazi na kumwaga changarawe ili watu wasiteleze. Katika nyumba ile kibao kilihama kati ya mlango wa Volkmar na mlango wa Bwana Lührs, mpangaji wa chini, mzee aliyestaafu mgodini. Wiki za Lührs ngazi zilikuwa kavu. Wiki za Volkmar pia zilikuwa kavu, kwa sababu alifagia Lührs huyo huyo, akinung'unika.

Asubuhi moja ya Desemba Maren alimkuta na beleshi mkononi.

"Bwana Lührs, hii si zamu yetu?"

"Kibao nakiona, mama. Lakini Admirali wenu si yuko baharini?"

Maren aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. "Basi mwache. Usimfagilie tena. Mtaa ukimsema atajifunza."

"Na mama mzee je?"

"Mama nimemkataza kutoka siku za theluji."

"Haya. Zamu ni zamu. Sigusi tena."

Jioni hiyo Maren alisimama kati ya mumewe na kioo cha kompyuta. "Volkmar, nisikilize. Lührs hafagii tena kwa niaba yako. Mama akiteleza, ndiyo basi, hatasimama tena. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mke wangu. Kwani mimi mtoto?"

Na kweli, wiki ile alifagia. Alifagia hata mbele ya geti la jirani, mama yake akimpungia mkono dirishani. Maren akaanza kuamini kwamba mumewe amerudi. Ndugu zangu, alikuwa na haki ya kuamini.

Kisha mchezo ukatoka kweli. Januari, duka likaandika kwamba kifurushi kimeshaondoka. Volkmar hakuwa na likizo tena, akapiga simu ghalani akajifanya ana mafua. Kibao kilikuwa mlangoni kwake. Siku hiyo theluji ya jana ilikuwa imeyeyuka kidogo, ikaganda alfajiri, na juu yake ikashuka nyingine mpya, laini, ikificha barafu yote. Maren alikuwa ameshatoka kwenda kwenye duka la mikate anakofanya kazi. Alipoona inavyoanguka, akapiga simu.

"Volkmar, umefagia?"

"Ndiyo nashuka sasa hivi."

"Sasa hivi ya kwako au ya watu?"

"Sasa hivi, Maren! Kifurushi kiko njiani, baadhi ya watu wameshapata!" Akakata simu, akavaa spika za masikioni, akaendelea kuwasoma waliopata.

Bwana Lührs alitoka kununua mkate. Alishuka ameshika chuma cha ukingo kwa mikono miwili, akaliona beleshi limeegemea ukutani, akakikumbuka kibao, na neno alilopewa. Akapita. Kutoka dukani alipitia kwa dada yake kijiji cha pili, dhoruba ikamlaza huko, na hakuyajua yaliyotokea mpaka kesho yake.

Yaliyofuata Maren alielezwa na Kettler, tarishi wetu wa posta. Kettler hapandi ngazi zisizofagiwa, na hakuna wa kumlaumu, mguu wake mmoja uliharibikia kwenye ngazi kama hizo. Alibonyeza kengele ya getini, asijibiwe. Dirisha la juu likafunguka.

"Ni cha mwanangu hicho?" Irmgard aliuliza.

"Ni chake, mama. Lakini ngazi zenu ni barafu tupu. Nakirudisha posta, atakichukua kesho."

"Kesho! Baba wee, mwenzio amengoja miaka! Kiache hapo getini juu ya pipa la taka. Atashuka mwenyewe."

"Wewe lakini usishuke, mama."

"Mimi? Na nyonga hii?" Akacheka, akafunga dirisha. Kettler akakiacha juu ya pipa, akaenda zake.

Theluji ilizidi. Kutoka dirishani Irmgard alikiona kifurushi kinageuka cheupe.

Maren alirudi mchana. Alichoona kwanza ni mkongojo, umelala peke yake katikati ya ngazi. Kisha akaona kofia ya sufu. Mama mkwe alikuwa chini kabisa, nyuma ya pipa, midomo ya buluu, mguu umegeukia upande usio wake. Koti lake lilikuwa limevimba kifuani. Kifurushi alikuwa amekiingiza humo.

"Hakijalowa," alimwambia Maren.

Maren alimfunika kwa koti lake, akaita gari la wagonjwa, kisha akapanda zile ngazi kwa magoti, akafungua mlango wa chumba. Volkmar aliinua mkono bila kugeuka. "Bado hakijafika! Wenzangu wa mji wa Bremen wameshapata wote!"

Hospitali walifanya walichoweza. Usiku ule Volkmar alilia kitandani kwa mama yake mpaka wauguzi wakamwonea huruma. Alipotoka kwenda kunawa uso, Irmgard alimvuta Maren karibu, akamnong'oneza.

"Usimwambie kwamba niligonga."

"Uligonga wapi, Mama?"

"Mlangoni kwenu. Niligonga, nikaita, nikagonga tena. Ana vile vitu vyake masikioni. Akijua ataumia mpaka kufa kwake. Sema nilishuka kwa ukaidi wangu. Niahidi."

Maren akaahidi.

Baridi ilikuwa imeingia mapafuni. Siku ya tatu daktari alisema wajiandae. Maren alirudi nyumbani mara moja kuchukua gauni safi la kulalia, na alipofungua mlango akasikia ngoma na zumari. Ile sauti aliijua, Volkmar alikuwa amemsikilizisha mara nyingi, ila sasa ilikuwa nzito na safi. Karatasi ya kifurushi ilikuwa sakafuni. Mumewe alikuwa ameketi mbele ya bahari inayometameta, meli yake ikikata maji.

"Usiniangalie hivyo," Volkmar alisema. "Jana nilishinda hospitali kutwa nzima. Nimechoka. Na Mama mwenyewe ndiye aliyeniletea, Maren. Angependa nicheze."

Maren alikunja gauni vizuri, akaliweka ndani ya mfuko. Alitaka sana kuitimiza ahadi yake. Alifika mpaka mlangoni, akashindwa.

"Aligonga, Volkmar."

"Nani?"

"Mama yako. Alisimama hapa hapa niliposimama. Akagonga, akakuita, akagonga tena. Ulikuwa ndani, na beleshi liko nje, na zamu ni yako. Ndipo akashuka."

Volkmar alivua spika za masikioni. Nyuma yake meli iliendelea kwenda bila nahodha, ikapigiza mwamba, na zumari likapiga wimbo wa huzuni waliomtungia nahodha aliyeshindwa. Alijaribu kulizima akawa anabonyeza kusikobonyezwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utaumia."

Alikimbia hospitali bila koti. Alimkuta mama yake macho wazi, lakini homa ilikuwa imeshampeleka mbali. "Mama, sikusikia," alimwambia. "Mama, sikusikia. Haki ya Mungu sikusikia." Irmgard aliangalia dirisha. Hakumgeukia tena, na kabla wiki haijaisha tukamzika.

Maren alimchukua Jule akahamia kwa dada yake. Hakuondoka kwa kujiona msafi. Alimwambia kasisi wazi: "Mimi ndiye niliyemwambia Lührs aache. Nilitaka kumfunza mume, nikamfunzia juu ya mgongo wa mama yake." Bwana Lührs naye sasa hufagia kila asubuhi, zamu iwe ya nani, hata siku isiyo na theluji. Hamsalimii mtu.

Volkmar yumo mle ndani peke yake. Mchezo upo, kompyuta ipo, anacheza au hachezi, sijui. Mwanangu alimpelekea supu akamkuta ameketi kimya bila kitu masikioni. Kila upepo unapotikisa mlango, anainuka kufungua, anachungulia ngazini, anafunga tena.

FUNZO

Jamani, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimeishi nikaona mabaya zaidi ya hayo: asiyesikia akabaki mzima kwenye kiti chake, na guu likavunjika la aliyempenda.

Sisemi mtu asicheze, wala asitamani kitu alichokipenda utotoni. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia ni ya nyumba nzima. Ukijikuta unangoja jambo la kesho mpaka huwaoni wa leo, jua umeshakosa, hata kama bado hakuna aliyeanguka.

Nanyi akina mama, mkubwa akisitiriwa kila kosa kama mtoto, hafundishiki. Nanyi majirani, tukimwadhibu mvivu tuangalie ni nani atakayepita kwenye ngazi hizo. Zamu ni ya mwenzako, lakini barafu ni ya wote.

Na wewe unayesoma haya huku kuna mtu anakuita chumba cha pili, mwitikie kwanza.