Kompyuta Isiyozimwa

Ndugu zangu, Helka alikuwa mtu wa raha zake. Kila asubuhi alimpigia simu baba yake, mzee Urho, aliyeishi peke yake nje kidogo ya Oulu, mji wa kaskazini wenye baridi kali, na mzee akamjibu kwa utani, "Bado sijafa, binti yangu. Kahawa inachemka." Mkononi mzee alivaa kitufe cha kuitia msaada, alichovishwa na Helka mwenyewe. "Wewe bonyeza tu, baba. Watakuja."

Miito ya vitufe hivyo, ya wazee mia nne, ilipitia kompyuta kuu iliyotunzwa na Helka. Bosi wake, Ilpo, alijigamba kila mahali kwamba haijazimwa miaka sita. Februari moja, kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta hiyo, kibao kilichochomekwa ndani yake, kikaanza kuharibika.

"Tuizime dakika kumi," Helka akasema. "Tuwaambie wauguzi wawapitie wazee kwanza."

"Uniharibie miaka sita? Hamisha vilivyomo, ukichomoe kipande hicho kompyuta ikiwa bado inafanya kazi."

Helka akahamisha. Vitu vya programu za kawaida vilihama bila shida. Vya kiini cha mfumo, kile kinachoendesha mengine yote, vikagoma, kwa kuwa kiini kilikuwa kimeshikilia mahali pake. Aliamuru mara tatu; mara tatu mashine ikakataa.

"Kiini chenyewe kimo humu, Ilpo. Tukichomoa, tunakikata."

"Vimebaki vichache tu! Mtu mzima unaogopa chuma? Chomoa!"

Helka alijua. Jamani, alijua! Lakini wenzake walikuwa wakimtazama, naye akaona haya kuitwa mwoga. Akachomoa.

Kompyuta ikaganda papo hapo. Kuiamsha na kuikagua kulichukua dakika hamsini.

Ndani ya dakika hizo mzee Urho alikwenda kuchukua kuni, akateleza kwenye barafu, akavunjika nyonga. Alibonyeza, akabonyeza, mwito usifike popote, mpaka nguvu zikamwisha. Jirani alimkuta saa nane mchana, ameshakauka kwa baridi, kidole kiko juu ya kitufe.

Siku ya mazishi Ilpo alimshika Helka mkono. "Pole sana. Hakuna aliyeweza kujua."

"Mimi nilijua," Helka akasema, akautoa mkono wake.

Funzo

Sifa ya kutosimama kamwe ni sifa ya kijinga. Hata moyo una pumziko kati ya pigo na pigo. Na wewe unayeijua hatari, kuisema kisha ukatii si kuonya. Anayeamuru ana lawama yake. Mkono uliochomoa nao una yake, na hakuna bosi atakayekubebea.