Pete ya Shaba Chini ya Gari

Gari liliwaka, likanguruma, lakini halikusogea hata inchi moja.

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nesi alikuwa nyuma ya usukani, mizigo imejaa mpaka kwenye kioo cha nyuma. Akaitoa gia kwenye P, akaweka D ya kwenda mbele. Wapi! Akajaribu R ya kurudi nyuma. Ndiyo kwanza injini ikapiga kelele za bure, kama mtu anayegomba peke yake.

"Zima!" Shangazi alifoka kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi. "Zima kabla hujaliua!"

Shangazi, dada wa marehemu baba yake Nesi, alikuwa amestaafu kazi ya upelelezi, ila pua yake ilikataa katakata kustaafu. Alikuwa amekuja kumuaga binti wa kaka yake. Sasa aliweka kikombe ukutani, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kikavu kama ulimi wa mgonjwa.

"Mafuta ya gia hayamo, mwanangu."

"Haiwezekani, Shangazi! Juzi Jumamosi nimeyabadilisha kwa mikono yangu hii. Nikalizungusha gari mpaka likapata moto, nikapima injini ikiwaka, vilevile Baba alivyonifundisha. Yalifika alama ya juu!"

 Hospitali ya mji wa pili ilikuwa imempa kazi ya kuzungukia zahanati, na sharti lilikuwa aje na gari lake. Asiporipoti leo kabla ya saa nane mchana, nafasi anapewa mwingine.

Gari lilikuwa limesimama juu ya shimo ambalo marehemu alilichimba uani kwa kazi zake za ufundi. Shangazi akashuka ngazi na tochi. Sakafu ya shimo ilikuwa kavu, hakuna hata tone jekundu la mafuta ya gia. Hayakuvuja basi; kuna mtu aliyeyamwaga na kuyakinga. Akaipandisha tochi kwenye bolti ya kumwagia mafuta. Imekazwa vizuri, imefutwa, na kati ya bolti na sufuria ya giaboksi ilimeremeta pete mpya ya shaba, ile pete nyembamba inayozuia mafuta yasitoroke.

Akaigusa kwa kidole. Mwizi gani huyu mwenye adabu?

"Jumamosi ulifunga na pete gani?" aliuliza akiwa humo humo shimoni.

"Ya zamani. Baba alikuwa na mpya, lakini sikuona alikoziweka."

"Ulimuuliza mama yako?"

"Mama?" Nesi alicheka kwa uchungu. "Mama anajua nini habari za bolti?"

Shangazi akazima tochi. Akapanda juu, akawaita wote sebuleni.

Spana alifika kutoka gereji yake ya mtaa wa pili, ovaroli imelowa grisi. Huyu ni kaka mkubwa wa Nesi, naye alikuwa amelitaka gari hilo alifanye teksi. Marehemu alipomwachia binti, waligombana, wakanuniana miezi. Mchumba wa Nesi, ambaye nyumba nzima ilimwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake, alikuwepo tangu alfajiri kusaidia kupakia. Mama alikaa kwenye kochi na kopo lake la vifungo mapajani, akishona kifungo cha sare ya Nesi kilicholegea.

"Jana jioni tulikwenda kuaga kwa wakwe," Shangazi alianza. "Spana, hukuja. Ulikuwa wapi?"

"Gereji, Shangazi. Nilikuwa na gari la mteja."

"Nani alikuona?"

"Mteja alishaondoka. Nilikuwa peke yangu." Akamgeukia mdogo wake. "Mbona unaniangalia hivyo?"

"Ni wewe!" Nesi alisimama. "Nani mwingine hapa anajua kufungua giaboksi? Ulinigombania gari ukiwa huna haki, sasa umeniibia mafuta. Kikulacho ki nguoni mwako kweli! Kuanzia leo usiniite mdogo wako."

 Mikono mikubwa ya Spana ilining'inia tu, haina la kufanya. Sindano ya Mama ilisimama kidogo hewani, kisha ikaendelea.

"Spana," Shangazi alisema kwa upole, "gerejini kwako, ukimwaga mafuta, unafunga na pete mpya?"

"Ya zamani inatosha, ikiwa haijapasuka. Marehemu alikuwa akinigombeza kwa hilo kila siku."

"Haya. Mwalimu, wewe ulimwomba Nesi asiende."

Mwalimu akajikohoza. "Nilimwomba, sikatai. Nampenda. Lakini leo alfajiri hata nimempimia mafuta. Nikachomoa kijiti kimoja pale mbele, nikaona yapo."

"Kijiti gani?"

"Kile... cha mbele. Vipo vingapi kwani?"

Spana, pamoja na machungu yake yote, alishindwa kujizuia kucheka. "Shemeji, hiyo ni oili ya injini!"

"Na injini ilikuwa inawaka?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, nilihofia kuwaamsha."

"Basi hata ungepata kijiti chenyewe usingepima kitu," Mama alisema bila kuinua macho. "Ya gia hupimwa injini ikiwaka, gia ikiwa P, baada ya kuipitisha kote. Ikizimwa yanashuka yote chini, kijiti kinakudanganya kuwa yamejaa."

Wote wakamgeukia. Mama akakata uzi kwa meno, halafu akatambua alichokisema.

"Wifi," Shangazi alisema, "naomba kifungo kimoja. Cha blauzi yangu kimekatika."

"Nitakutafutia..."

"Nitajitafutia mwenyewe."

Akalichukua lile kopo, akalimimina mezani. Vifungo vyeupe, vyeusi, vya mbao. Katikati yake ikabingirika pete moja ya shaba, mpya, ndugu pacha wa ile ya chini ya gari.

"Kaka yangu alikuwa akipoteza vitu vidogo," Shangazi alisema. "Kumbe alimpa mkewe amtunzie. Nyie watoto mnaona mama yenu hajui bolti, lakini miaka yote hiyo nani alimshikia tochi shimoni? Nani alimpokea beseni? Anayetaka kuharibu gari huacha bolti imelegea. Huyu alikaza, akafuta, na mkono wake ukakataa kurudishia pete ya zamani. Wifi, jana kwa wakwe uliondoka mapema, ukasema kichwa kinauma."

Mama alifunika uso kwa ile sare.

"Breki sikuzigusa," alisema ndani ya kitambaa. "Wala tairi. Nilitaka lisitoke tu langoni. Achelewe, nafasi wampe mwingine, abaki. Baba yenu naye aliniaga asubuhi kama hii, akaniambia niweke chai, atarudi. Chai ikapoa. Sitaki kuaga tena, wifi. Nimechoka kuaga."

Nesi alikaa chini taratibu.

"Hilo ninalielewa," Shangazi alisema, na hapa sauti yake ikawa ngumu. "Lakini mwanao ameitwa mwizi mbele yako, na wewe unashona kifungo. Hilo je?"

Mama akalia sasa, kwa sauti. "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa."

Spana alipiga magoti mbele yake, akampangusa machozi kwa mkono wenye grisi, akamwachia alama nyeusi shavuni. "Mama, mafuta yako wapi? Muda unakwenda."

Yalikuwa stoo, nyuma ya pipa la unga, ndani ya chupa za maji zilizooshwa na kukaushwa, mekundu, safi, yamechujwa kwa kitambaa. Spana akashika faneli, Nesi akamimina kidogo kidogo. Injini ikawashwa, gia ikapitishwa kote, wakazunguka mtaa mpaka likapata moto. Likarudi uani likiwaka, na hakuna aliyethubutu kupima. Wote walimwangalia Mama.

Mama akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakisogeza kwenye mwanga.

"Yamefika," alisema. "Nenda."

Nesi alimshika kaka yake mkono. "Kaka, mimi mdomo wangu..."

"Mdomo wako naujua tangu unanyonya. Endesha polepole."

Ilikuwa saa mbili kasoro Nesi alipoketi nyuma ya usukani. Mama akaipitisha ile pete ya shaba dirishani. "Ichukue. Ukibadilisha tena usifunge na ya zamani."

Nesi akaiangalia, akavifumba vidole vya mama yake juu ya pete, akaurudisha mkono nje.

"Irudishe kwenye kopo, Mama. Nitakuja kubadilishia hapa, nani mwingine atanishikia tochi?"

Akaweka D. Gari likaondoka.