Ndoo Kwenye Ngazi ya Bwawa

Duka la maturubai lilijaa pomoni, na muuzaji, ndani ya gauni lake la kijani, utepe wa kupimia shingoni, hakuwa na nafasi hata ya kukohoa. Mkandarasi mmoja mrefu, shati limenyooshwa pasi likakakamaa, akapenya hadi kaunta.

"Dada, nataka la kufunika bwawa la kuogelea. Jua linaninywea maji yangu."

"Bwawa nyumbani, na wenzako tunapata maji kwa zamu? Kaka, huna haya!"

"Ndiyo maana nimekuja unisitiri."

Muuzaji alicheka mpaka akakosea kukata. Ikabidi aende mwenyewe kulipima hilo bwawa, akarudi tena kulipima, na tena. Nyie mnaelewa. Haikupita muda simu zikawa ni "Umekula, laazizi?" na "Nitakulaje hujanipigia?" Ndoa ilishaanza kuzungumzwa.

Bwawa lakini liliendelea kupungua hata likiwa limefunikwa. Kila jioni mkandarasi alifungua mpira akalijazia, na mtaa wa nyuma mama yake muuzaji akihangaika na madumu.

"Mpenzi, hili linavuja," muuzaji alisema. "Tulifunue kwanza, tuweke ndoo ya maji hapa kwenye ngazi, maji ya ndani yalingane na ya nje. Jua litapunguza yote sawasawa. Ya bwawa yakishuka zaidi, kuna ufa. Usijazie tu mpaka nirudi."

"Sawa, mheshimiwa hakimu."

Aliporudi alipokewa kwa tabasamu pana. "Unaona? Halivuji!"

Muuzaji akainama. Maji ya ndoo yalikuwa yameshuka. Ya bwawa yalikuwa palepale.

"Mvua ilinyesha huku?"

"Hapana."

"Kwa hiyo jua limeiona ndoo tu?"

Mkandarasi mzima, kujenga kote huko, alijazia bwawa akasahau kujazia na ndoo! Alikaa ukingoni, hana pa kuficha uso.

"Ufa naujua. Uko chini ya vile vigae vya bluu. Kuuziba lazima vitolewe. Mke wangu alivibandika kwa mikono yake, kabla hajafariki."

Kwamba alifiwa na mke, muuzaji alijua. La vigae hakulijua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nichague."

"Ningesema pole. Wewe ukaona bora unidanganye."

Alishika viatu mkononi akaondoka, na moyo ulimuuma mpaka akashindwa kula. Simu iliita siku nzima, na siku iliyofuata. Mwishowe akaipokea, amejificha nyuma ya marobota ya turubai.

"Laazizi, nimemwita fundi. Kesho vinavunjwa. Rudi."

"Unataka vivunjwe?"



"Nitavunja. Kwa ajili yako."

"Sikukuuliza hivyo."

 Mkandarasi alikuwa analia, na muuzaji naye machozi yalishamfika kidevuni.

"Ziba ufa kwa sababu watu hawana maji," alisema. "Usizibe kwa sababu yangu. Nakupenda, lakini kila tukigombana utavikumbuka hivyo vigae."

"Basi niambie nifanye nini."

"Mwambie fundi avibandue polepole. Vingine vitatoka vizima."

"Halafu?"

"Halafu usinipigie tena."

Akakata simu kabla hajajibiwa, maana angeisikia tena ile sauti angerudi.