Upepo Uliotungwa na Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya chai, Chiriku alikuwa na kazi moja yenye heshima kubwa: kuifuta jana. Ubao mweusi uliosimama mbele ya kituo cha hali ya hewa ulibeba habari zote za mlima, yaani theluji kiasi gani, upepo kutoka wapi, anga la namna gani. Habari za jana hazimsaidii mtu anayetaka kuteleza leo. Chiriku aliufuta ubao kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, maana maji baridi yaliganda mkononi, kisha akaandika utabiri mpya kwa mwandiko wa kujivuna. Baada ya hapo watu wakaanza kumiminika: wenye mbao za kutelezea mabegani, wenye kamba na mashoka ya barafu, na wale wendawazimu wanaoruka kutoka majabalini kwa miavuli. Wote walisimama kimya mbele ya ubao kama wanafunzi wanaosomewa matokeo.

Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno na tangu hapo hajapumzika. Mjomba ndiye aliyekuwa mtabiri wa kituo. Waliishi juu ya ofisi, yeye, Chiriku na mama yake Chiriku. Ingawa kusema kwamba mama aliishi pale ni kumpendelea. Mama alikuwa kiongozi wa wapanda mlima. Msimu wa theluji ulipofika, makao yake yalikuwa kibanda cha mawe huko juu, ng'ambo ya Mgongo, ule ukingo mwembamba wa mlima ambao kila anayepanda na kila anayeshuka lazima auvuke. Alishuka na kundi moja, akalala usiku mmoja, akapanda na jingine. Kilichokaa nyumbani muda wote ni koti lake la zamani lililoning'inia nyuma ya mlango, lenye harufu ya nta ya mbao. Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye akili zake timamu, alilisalimia koti hilo kila asubuhi. Siku nyingine alilishika mkono.

Likizo ilikuwa inakata roho. Jumapili basi la shule ya bweni lingepiga honi pale nje, na mama alikuwa ashuke Jumamosi jioni. Jioni moja tu! Na katika jioni hiyo moja ilibidi mama aoge, ale, alale, na amsuke Chiriku nywele. Hilo la nywele lilikuwa ahadi. Likizo nzima Chiriku hakuvua kofia, akisubiri mikono ya mama. Mjomba alijaribu kumsuka mara moja, na matokeo yake yalifanana na kamba za hema baada ya dhoruba. Hakuna aliyelizungumzia tena jambo lile.

"Kwani lazima akusuke yeye?" aliuliza Msumari siku ya Alhamisi. Msumari alikuwa binti wa fundi wa mbao za kutelezea, mwembamba kama jina lake, na alisoma darasa moja na Chiriku. "Njoo kwetu, dada yangu akusuke bure."

"Siyo nywele, wewe."

"Sasa ni nini?"

Chiriku alitazama juu, upande wa Mgongo. Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Haya, mwenye siri," Msumari alicheka. "Mimi Jumamosi nakwenda kuteleza. Mwambie mjomba wako asituletee upepo."

Mjomba hakuwa katika hali ya kuambiwa wala kuambia. Wiki ile mafua yalikuwa yamemnyang'anya sauti yote, akabaki anapumua maneno kama tairi lenye pancha. Kwa hiyo kazi ya kusoma utabiri redioni ilimwangukia Chiriku. Saa kumi na mbili jioni aliketi mbele ya redio ya mawasiliano, kipaza sauti mkononi, na vibanda vyote vya mlimani vikamsikiliza. Kwa kawaida mjomba alisimama nyuma yake kama askari. Lakini Alhamisi hiyo barafu ilikuwa imeshika vile vikombe vinavyozunguka juu ya paa kupima upepo, ikabidi apande na ufagio.

"Kesho shwari mchana kutwa," mjomba alimnong'oneza kabla ya kutoka. "Upepo wa Mgongoni, hafifu. Theluji na upepo mkali, kesho kutwa usiku. Umeshika?"

"Nimeshika, mjomba."

Alikuwa ameshika. Tatizo ni kwamba alishika na jambo jingine. Aliwaza hivi: mtu akisikia mvua inakuja hukimbilia nyumbani. Mama akisikia upepo unakuja, si atakimbilia nyumbani? Angeshuka kesho alfajiri. Wangekuwa na Ijumaa nusu na Jumamosi nzima. Upepo mdogo tu wa kutunga, ambao haungemng'oa mtu hata kofia.

Akabonyeza kitufe. "Kituo kinaita vibanda vyote. Kesho, Ijumaa, kuanzia mchana... upepo mkali sana Mgongoni. Kilomita sabini kwa saa. Ova."

Redio ikakoroma. Kisha ikaja sauti ya mama, nyembamba kwa umbali, lakini yake yenyewe, na Chiriku akajikuta ameegemea mbele kana kwamba angeweza kuingia ndani ya lile sanduku.

"Kibanda cha juu, nimepokea. Basi hatuvuki. Tutakaa hapahapa mpaka upite."

"Mnakaa?" Chiriku alisahau adabu zote za redio. "Lakini mama, si mnaweza kuwahi asubuhi, kabla haujaanza?"

"Na goti la daktari wa meno nilipeleke wapi? Mteja wangu anachechemea, mwanangu. Kuvuka naye ni kazi ya nusu siku. Upepo ukitajwa, hatuongezi mwendo, tunakaa tulipo. Hujui? Ila upepo huu umeniharibia. Wateja wamechoka, nilikuwa nimepanga tushuke kesho, nije nikushtukize. Hata kitana nimekiweka juu kabisa ya begi. Haya, hatuna la kufanya. Nafunga redio, betri imechoka. Tutaongea asubuhi."

"Mama! Mama, subiri..."

Redio ilijibu shhhhh, kama mtunza maktaba.

Mlango ukafunguka. Mjomba aliingia na barafu kwenye masharubu, akainua kidole gumba, maana yake: mambo sawa? Chiriku akainua cha kwake. Ndivyo kidole gumba kisicho na hatia kilivyosema uongo wa pili siku ile.

Usiku hakula. Mjomba akamgusa paji la uso akidhani mafua yamehamia kwake, akamtengenezea maji ya moto yenye ndimu. Chiriku aliyanywa yote. Yalikuwa machungu kuliko ndimu. Alijiambia kwamba asubuhi atasema. Kisha akajiambia kwamba labda haina haja: mama ataona kumetulia, atashuka Jumamosi kama ilivyopangwa, na uongo wenyewe utayeyuka taratibu bila kelele.

Asubuhi ya Ijumaa anga lilikuwa la buluu tupu, halina hata wingu la kusingizia. Chiriku alimkuta mjomba ameinama juu ya mashine, akisoma taarifa za vituo vya nyuma ya mlima. Uso wake haukuwa wa buluu.

"Dhoruba imeongeza kasi," alinong'ona. "Haisubiri kesho. Inaingia leo magharibi, na itakaa wiki nzima. Bahati nzuri mama yako ana siku ya leo. Kwa utabiri wa jana, shwari leo na dhoruba kesho usiku, atakuwa ameshaanza kuvuka. Angekosa leo, chakula cha pale juu kisingewatosha."

Chiriku alisimama pale na kitambaa chake cha kufutia ubao. Maji yalidondoka kwenye kiatu. Yule msichana ambaye hajawahi kukosa neno alilitafuta moja, akalipata, nalo lilikuwa zito kama jiwe.

"Hajaanza."

Mjomba aligeuka.

"Hajaanza, mjomba. Nilimwambia kuna upepo. Nilitaka ashuke mapema, na yeye akasema anakaa."

Kuna watu wenye hasira, lakini hakuna wa kuhurumiwa kama mwenye hasira asiye na sauti. Mjomba alifungua kinywa na kikatoka kishindo cha hewa. Akajaribu tena. Shingo ikavimba, masharubu yakatetemeka, na maneno yote mazito aliyostahili kuambiwa Chiriku yakatoka kama pumzi ya paka. Mwishowe akaacha. Akachukua kipaza sauti, akakiweka mkononi mwa Chiriku, akamwonyesha kiti.

"Mimi? Lakini vibanda vyote vitasikia! Na mtaani watu wana redio, mjomba. Hata kina Msumari."

Mjomba aliendelea kuonyesha kiti.

Saa ya mawasiliano ilikuwa imefika. Chiriku akabonyeza.

"Kituo kinaita kibanda cha juu. Mama. Ule upepo wa jana haukuwepo. Niliutunga. Leo ni shwari, lakini dhoruba ya kweli inaingia wakati wa magharibi, na itakaa wiki nzima. Ondokeni sasa hivi. Ova."

Mlimani kote kila mwenye redio alikuwa ameacha kutafuna.

"Rudia," ilisema sauti ya mama.

Chiriku alirudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mara hii alijua jinsi inavyosikika.

"Mjomba wako yupo hapo?"

"Yupo, mama. Hana sauti."

"Basi agonge kipaza sauti mara mbili, kama haya unayosema ni kweli."

Mjomba akainama, akagonga kwa kucha. Ko, ko.

"Nimepokea," mama alisema, na redio ikazimika.

Chiriku alikuwa amejiandaa kwa makofi, kwa kukemewa, hata kwa kunyimwa chakula. Hakujiandaa kwa hilo. Kwamba kucha ya mjomba iaminike kuliko sauti yake! Sauti ambayo mama alikuwa akiijua kabla hata haijajua kusema mama.

Siku ile hakutoka dirishani. Darubini ya kituo ilimwachia duara jekundu kwenye kila jicho. Karibu na adhuhuri aliona nukta tano kwenye Mgongo, nyeusi juu ya weupe, na moja kati yake ikichechemea. Nukta ya mbele ilisimama kila mara kuingoja. Msumari alikuja, akasimama kando yake. Alikuwa amekuja na utani tayari mdomoni, Chiriku aliuona, lakini alipoangalia kwa darubini akaumeza.

"Wanakwenda polepole," alisema tu.

"Wangekuwa wameshafika, wangeondoka alfajiri."

Alasiri vikombe vya juu ya paa vikaanza kuzunguka. Mwanzo kwa uvivu, kama mtu anayekoroga chai, kisha kwa haraka, mpaka vikapiga mluzi. Wingu liliufunika Mgongo na nukta zikapotea. Mjomba akatoka kwenda kuwasha taa kubwa ya mbele ya kituo. Chiriku alikwenda kusimama nyuma ya mlango, akaliwekea kichwa lile koti.

Giza lilikuwa linaingia mlango uliposukumwa na theluji ikaingia kwanza. Kisha wakaingia watu watano weupe kama wametoka kwenye pipa la unga. Wa mwisho, aliyefunga mlango, alikuwa mama.

Daktari wa meno aliketi kwenye benchi, meno yake mwenyewe yakigongana. Alimtazama Chiriku kwa muda mrefu. "Wewe ndiye ule upepo?"

"Ndiyo, shikamoo. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Upepo wenye adabu," alisema, akalishika goti lake. "Ila usinitabirie tena."

Mama aliwangoja wateja wanywe chai na kwenda zao. Ndipo akaketi kitini, akatoa kitana juu ya begi, akanyoosha kidole kwenye sakafu mbele ya miguu yake. Chiriku akaketi, akavua kofia. Mama alianza kuchana, na kwa nguvu alizotumia ilikuwa wazi kwamba kuchana huku kulikuwa pia ni mazungumzo.

"Aii, mama!"

"Tulia. Unajua kwa nini mimi huvuka Mgongo na watu wa watu nyuma yangu? Sina macho ya kuona kesho. Nina sauti inayoniambia. Sauti hiyo ikinidanganya mara moja, kila nikisikia 'shwari' nitajiuliza: shwari ya kweli, au ya kutungwa? Jana ulitaka siku mbili na mimi. Ungesema kweli, ungezipata bila jasho."

Chiriku alilia, machozi yakimdondokea magotini. "Nilikukumbuka, mama. Likizo nzima."

Kitana kikasimama. Mikono ya mama, iliyopasuka kwa baridi, ikatulia juu ya kichwa chake.

"Nami nilikukumbuka. Lakini ndilo neno hilo, mwanangu. Ukinikumbuka, sema umenikumbuka. Usiutume upepo ukusemee."

Akaendelea kusuka, safari hii taratibu.

Dhoruba ilikaa wiki nzima kama mjomba alivyosema, barabara ikafungwa, na basi la shule likachelewa kuja. Asidhani mtu kwamba huko ni kuzawadiwa. Kila asubuhi Chiriku alipanda paani na ufagio kugongoa barafu kwenye vikombe, na kila jioni aliposoma utabiri, vibanda vyote vilidai kipaza sauti kigongwe kwanza. Ko, ko. Msumari aliufanya mlio huo kuwa salamu, akamsalimia nao hadi bwenini.

Likizo iliyofuata, mama alikuwa tena juu, koti likiwa tena nyuma ya mlango. Mjomba alikuwa amepona, lakini jioni moja alimsogezea Chiriku kiti bila maelezo, akasimama nyuma yake kama askari.

"Kituo kinaita vibanda vyote," Chiriku alisema. "Kesho upepo mkali Mgongoni tangu asubuhi. Msivuke." Mama alikuwa ashuke kesho hiyo. "Na mama, nimekukumbuka sana. Ova."

Redio ikakoroma. Mjomba akainua kidole chake, tayari kugonga.

"Nimepokea," ilisema sauti kutoka ng'ambo ya Mgongo. "Tunakaa. Nami nimekukumbuka, Chiriku. Usimruhusu mjomba aguse nywele zako."

Hakuomba chochote kigongwe. Mjomba akakitazama kidole chake, akakirudisha mfukoni.