Kiondo cha Siku za Ukungu

Huko kijijini Kyuso ni kukavu. Ukungu si wa kila siku. Lakini Kalekye alikuwa na ukungu wake mwenyewe, ndani ya jicho la kushoto. Mbuzi walielea. Jua la saa sita lilikuwa laini kama la alfajiri. Akiketi mlangoni kusuka kiondo, vidole vilitembea vyenyewe, naye alijiona kama anaota.

Ndoto tamu, ndiyo, lakini hilo ndilo jicho pekee alilobaki nalo. La kulia liliharibiwa na surua utotoni.

"Kiondo kimetoka maridadi," mumewe Kimeu alimwambia.

"Uzi mwekundu umekaa sawa?"

"Sawa kabisa."

Siku moja Mumbua, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita. Alimtazama, akashtuka.

"Woi, Kalekye! Jicho lilianza lini?"

"Tulipopura ndengu. Ganda lilinirukia. Jirani anayenyonyesha akanikamulia maziwa ndani, kama tulivyozoea."

"Maziwa si dawa ya jicho, mama! Kidonda kimeingia vijidudu. Sikia. Kioo cha mbele cha jicho hakina mishipa ya damu, ndio maana ni safi. Kikiumia, mishipa inaweza kutambaa juu yake kama mizizi inayotafuta maji. Twende hospitali ya macho kesho, si mwezi ujao. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Hospitalini daktari alitibu kidonda kwanza. Kisha akasema mishipa imeshaanza kutambaa kwenye kioo, na atamdunga dawa ya kuinyausha.

"Sindano? Kwa jicho?" Kalekye alilifunika kwa kiganja. "Nina hili moja tu!"

"Ndio maana hatungoji. Tutatia matone ya ganzi. Sindano inaingia kando, kwenye ngozi laini ya weupe wa jicho. Huenda tukarudia. Na kovu dogo litabaki, sikudanganyi."

Alidungwa. Alihisi kusukumwa kidogo tu. Mwezi uliofuata akadungwa tena. Polepole mishipa ilinyauka, na ukungu ukapungua.

Asubuhi moja Kalekye alihesabu mbuzi akiwa mlangoni. Kisha akakishika kile kiondo. Lo! Uzi mwekundu ulikuwa umetangatanga hadi kwenye ule wa kijani.

"Kimeu! Ulisema ni maridadi!"

"Ulikuwa unaogopa," Kimeu alisema. "Ningesema nini?"

Kalekye alicheka hadi machozi yakamtoka. Hakukifumua. Sasa kinaning'inia kando ya mlango, na ndani yake mna miwani ya kukinga macho. Siku ya kupura ndengu, hakuna anayeshika fimbo kabla ya kutia mkono kwenye kiondo hicho.